Ukuta wa Bi Mwanahawa

Vijana wangu wa kitengo cha majengo, mliniaga kwa keki na doti mbili za khanga. Keki iliisha siku ileile, khanga nimejifunga moja hapa ninapoandika, na hotuba zenu nimezisahau kwa sababu zilikuwa ndefu. Nakumbuka tu mmoja wenu aliyesema, "Mama Kalunde, tuandikie basi mlivyokuwa mnafanya kazi enzi hizo." Enzi hizo! Utadhani nilimsaidia Mjerumani kubeba mawe. Haya, naandika. Vyeo sitavitaja, na mishahara yetu mnaijua wenyewe.

Nimekaa kwangu Picha ya Ndege, hapa Kibaha. Ni mchana, jirani anatwanga kisamvu, na usingizi wa kustaafu unakuja na kuondoka bila hodi. Nimegundua kitu tangu niache kazi: watu siwaoti. Naota kuta. Naota ukuta mweupe uliopigwa na jua la saa nne, naupapasa, ndani yake kuna ubaridi, halafu naamka mkono wangu uko juu ya godoro. Mume wangu anasema nimerogwa na majengo. Huenda ni kweli, maana ndoto zenyewe ni tamu.

Kazi niliianzia hapahapa Kibaha, fundi sanifu mbichi kutoka chuoni, Mnyamwezi wa Tabora, mwanamke peke yangu katika idara nzima. Kibaha umri wake mdogo. Nyumba ni za tofali za saruji, zimepangwa mstari, na ukigonga ukuta unakujibu palepale. Nilikagua mapaa ya zahanati, vyoo vya shule na nyumba za walimu, nikajiona naijua kazi. Ndipo nikahamishiwa Kisarawe.

Siku ya kwanza nilifika asubuhi, na ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msitu wa Pugu mpaka barabarani. Mji sikuuona. Niliona kwanza kona ya jengo moja la zamani la serikali, lile ambalo kila mtu analiita la Mjerumani: mawe makubwa na chokaa yenye madoa ya kijani. Ukungu ukasogea, nikaona tao la mlango. Ukasogea tena, nikaona dirisha lenye kizingiti kipana, mtoto angeweza kulala juu yake. Nilisimama na begi langu kichwani nikisubiri mji uniletee sehemu iliyobaki. Niliona raha ambayo mpaka leo sijui kuieleza vizuri.

Sauti ikatoka juu ya ngazi, ndani ya ukungu. "Nani huyo?"

"Shikamoo. Naitwa Kalunde, fundi sanifu mpya."

"Marahaba. Kalunde! Basi Mnyamwezi. Ndiyo maana mzigo uko kichwani. Babu zako walileta pembe huku pwani, wewe umeleta nini?"

"Nimeleta akili, maana nasikia Wazaramo zenu mmezimalizia kwenye ngoma."

Akacheka mpaka ngazi ikatikisika. Mnajua tena, sisi na Wazaramo ni watani, na kwa mtani matusi ndiyo karibu yenyewe. Huyo alikuwa Mzee Kondo, fundi mwashi wa idara, mwenyeji wa Chole, Chole yetu ya Kisarawe, siyo kile kisiwa cha watalii. Alikuwa na maringo, jamani. Kofia yake ya kufuma haikuwahi kupata tone la chokaa, na mwiko wake hakumwazima mtu hata mhandisi alipoomba. Akisifiwa kazi yake alijibu, "Najua."

Ndiye aliyenifundisha kuusoma ule mji. Kazi ya Mjerumani utaijua kwa unene: mawe na chokaa, na boriti za mikoko zilizopandishwa kutoka pwani. Mwingereza alijenga chini chini, veranda mbele, kama mtu aliyejua hakai sana. Wahindi walijenga maduka yenye baraza na milango ya mbao ya kukunja. Wenyeji nao wakajenga nyumba zenye ukumbi unaopita katikati, mlango wa mbele ukitazamana na ua wa nyuma, upepo ukiingia na kutoka kama mwenye nyumba. Mchana wa jua kali, watu wakiwa wamelala, nilipita mitaa ile nikigusa kuta moja moja. Zilikuwa zinapumua. Chokaa hupumua kweli, vijana: inanyonya unyevu masika na kuurudisha kiangazi. Ukiipaka saruji juu umeiziba pua.

Na huo ndio uliokuwa ugonjwa wa mji wetu. Mtu akijaliwa kidogo, akiuza korosho zake au mtoto wa mjini akimkumbuka, kitu cha kwanza anapiga nyumba plasta ya saruji ing'ae, majirani waone. Kwa mapenzi kabisa. Maji yanabaki ndani ya ukuta, boriti zinaoza taratibu, na nje nyumba inapendeza. Mzee Kondo akipita mbele ya nyumba ya namna hiyo alikuwa ananong'ona "Inna lillahi," na mwenye nyumba anadhani anasalimiwa.

Sasa niwaambie kuhusu Bi Mwanahawa, maana ndiyo kazi iliyonifanya niwe nilivyo.

Bi Mwanahawa alikuwa mke wa Mzee Shomari, fundi cherehani. Walikaa katika duka la zamani la Mhindi, lile la mtaa wa chini, kuta za mawe, baraza pana mbele. Mzee Shomari alishona pale barazani miaka na miaka. Suruali yangu ya kwanza ya kazini aliishona yeye, na akaniuliza kwa adabu kubwa kama mume wangu anajua. Hawakujaliwa mtoto. Alipofariki, tulikwenda msibani pale nyumbani kwake, na wakati watu wanasoma dua mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa natazama ukuta wa ubavuni. Ulikuwa umetoa tumbo. Marehemu alikuwa ameupiga saruji, ndani na nje, ili mkewe apendezwe.

Baada ya wiki chache tumbo likaongezeka na ufa ukatokea juu ya dirisha. Mhandisi wetu alikuja, akaona, akaamuru nyumba ipigwe X nyekundu, ivunjwe. Msimseme vibaya. Alikuwa sahihi: ukuta ule ungeanguka, ungeangukia chumba cha kulala, na masika ilikuwa inakaribia. Tatizo ni kwamba ndani ya chumba hicho alikuwemo Bi Mwanahawa, amekaa eda.

Mimi ndiye niliyetumwa kumtoa, kwa kuwa mwanamke. Nilimkuta juu ya mkeka, amejitanda nguo nyeupe, tasbihi mkononi, nuru ya dirishani imemwangukia magotini. Chumba kilinukia udi na unyevu.

"Shikamoo Bi Mwanahawa."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kunitoa."

"Ukuta ni mbovu, mama. Utahamia kwa jirani tu, umalizie eda yako huko. Sheikh amesema kwenye hatari inaruhusiwa."

"Nimemsikia. Amesema naruhusiwa, hakusema nalazimika." Akavuta punje ya tasbihi. "Kalunde, shemeji zangu wa Mzenga wameshamwonyesha mtu kiwanja hiki. Wanataka pajengwe gesti. Wanangoja nitoe mguu. Nikitoka, nyumba mtaivunja. Ikivunjwa, mimi nani tena hapa? Nitarudi Kurui nikalime muhogo kwenye shamba la kaka yangu, mtu mzima kama mimi. Niacheni nimkalie mume wangu eda ndani ya nyumba yake. Ukuta ukitaka kuanguka, na uanguke."

Nilirudi ofisini nimenuna. Nikamweleza mhandisi. Akaniuliza, "Ukimwangukia, utakwenda kumweleza nani habari za eda?" Nikasema, "Tuutengeneze akiwa humo humo." Akanitazama kama niliyetaka kutahiri ng'ombe. Mwisho akasema, "Mvua kubwa ya kwanza ikishuka na ukuta haujafungwa, namtoa mwenyewe. Na mashemeji wakija na karatasi zao sitakuwa na la kuwajibu." Hiyo ndiyo ruhusa tuliyopata.

Mzee Kondo aliupima ukuta kwa timazi, ule uzi wenye uzito nchani, kisha akaupima tena, naye hakuwa mtu wa kurudia kipimo. Ukuta wa mawe mnene, vijana, kwa kweli ni kuta mbili, wa nje na wa ndani, na katikati vifusi. Boriti na mawe marefu ndiyo yanayozishika pamoja. Boriti zikioza, kila ukuta unakwenda zake. Dawa ni kutoa boriti mbovu moja baada ya nyingine, na kila mahali kupitisha jiwe refu kutoka nje mpaka ndani, lishike pande zote mbili. Anayesukuma yuko nje. Anayepokea yuko ndani.

"Nani atapokea?" nikauliza, nikiwa ninajua.

"Mimi siingii," akasema Mzee Kondo. "Wala fundi wangu yeyote. Kuna mjane wa watu mle." Kisha akanitazama toka kichwani hadi miguuni. "Mnyamwezi, mzigo wako huo."

Nikaingia. Majirani wanawake wakawa vibarua wangu: mmoja alikuwa muuza vitumbua, mwingine mwalimu wa madrasa, wengine wa kikundi chao cha kuweka na kukopa. Tulisimamisha mirunda, miti mirefu ya kuegemeza, chumbani kushikilia dari, tukaikaza kwa kabari, na kitanda cha Bi Mwanahawa tukakisogeza upande wa pili. Akina mama walipitisha karai za chokaa kutoka uani mkono kwa mkono, wakisengenya kwa sauti ndogo kwa heshima ya msiba. Saruji tuliibandua yote. Ile X nyekundu ya nje ilianguka pamoja nayo, na hakuna aliyeandika barua ya kuiombea kibali.

Siku zile zilipita kama ndoto ya mchana, ndivyo zinavyonirudia. Chumba kilijaa vumbi jeupe, jua likiingia ufani linakuwa kamba ya mwanga, na nyuma yake mwanamke wa nguo nyeupe kwenye mkeka akivuta tasbihi. Mzee Kondo sikumwona tangu asubuhi mpaka jioni. Nilimsikia tu. Nilijifunza kumjua kwa nyundo yake: akigonga taratibu anatafuta, akigonga harakaharaka amepata.

"Kalunde!"

"Naam!"

"Umeona ncha?"

"Bado."

Nyundo inagonga tena. Kisha vifusi vinaporomoka kidogo, na jiwe linachungulia ukutani, pua yake nyeusi.

"Naiona!"

"Pokea!"

"Nimepokea!"

Nililishika kwa mikono miwili, nikalilaza juu ya chokaa, nikajaza pembeni kwa vijiwe. Siku nyingine tulipitisha jiwe moja tu. Chokaa haiharakishwi, inakauka kwa raha zake, na sisi tulikuwa na masika mgongoni. Jioni nilitoka nje nikitazama mawingu upande wa Pugu. Niliogopa. Nilikuwa namwona Bi Mwanahawa chini ya mawe yale kila nikifumba macho.

Mara moja nilimwomba tena ahamie walau ukumbini. Akasema, "Wewe mbona hujahama?"

"Mimi kazi yangu."

"Na mimi yangu hii."

Mashemeji nao walikuja, wawili, wamevaa kanzu za kupigwa pasi. Hawakuweza kuingia, eda iliwazuia kama ilivyowazuia mafundi. Wakasimama nje wanamwuliza Mzee Kondo nyumba itavunjwa lini. Nilimsikia kupitia ukutani: "Mnaniuliza mimi? Muulizeni huyo aliye ndani. Ni Mnyamwezi, lakini anaelewa Kiswahili." Wakaondoka.

Iliyobaki ilikuwa boriti ya juu ya dirisha, iliyobeba kuliko zote. Tuliitoa asubuhi, na ndani yake ilikuwa unga, unaweza kuichota kwa kijiko. Tundu likabaki wazi, upana wa mabega yangu, na kupitia pale kwa mara ya kwanza niliona kofia ya Mzee Kondo. Halafu nuru chumbani ikabadilika. Upepo wa mvua ukaingia kwenye tundu, baridi, unanukia vumbi lililolowa huko mbali.

Ukuta ukalia. Sina neno lingine. Ulitoa sauti nyembamba, na mchanga ukaanza kutiririka karibu na kona. Kabari moja ikachomoka ikaanguka miguuni kwangu. Akina mama wakapiga kelele, karai ikamwagika, wakakimbilia uani.

"Kalunde!" Sauti ya Mzee Kondo haikuwa na maringo hata chembe. "Usiguse kitu. Toka."

Nilitaka kutoka. Wallahi nilitaka. Nina watoto. Lakini nilipogeuka nikamwona Bi Mwanahawa amesimama kando ya mrunda ule uliolegea, ameukumbatia kwa mikono yote miwili, nguo yake nyeupe imejaa vumbi, anausukuma ukae. Mrunda wenyewe mnene kuliko yeye.

"Pigilia hiyo kabari," akaniambia, "mimi nimeshika."

Niliipigilia. Nyundo ilikosa mara ya kwanza, ikapata ya pili. Mrunda ukakaza. Mchanga ukapungua, ukapungua, ukakoma. Nikaita, "Mzee Kondo! Lete jiwe!"

"Nimesema toka!"

"Lete jiwe, mzee, mvua inakuja!"

Kisha nikasikia anavuta pumzi, na jiwe likaanza kukwaruza. Lilikuwa zito, lile kubwa tulilolitunza kwa ajili ya mahali pale. Likaingia kidogokidogo. Bi Mwanahawa akaacha mrunda, akaja ubavuni kwangu, akaweka viganja vyake chini ya jiwe pamoja na vyangu.

"Pokea," akasema Mzee Kondo, kwa upole kabisa.

"Tumepokea," nikasema.

Hakuuliza "sisi" ni mimi na nani.

Mvua ilishuka tukiwa tunajaza chokaa. Mafundi walifunika upande wa nje kwa turubai, ikanyesha mpaka barabara ikawa mto. Kesho yake mhandisi alikuja na mwavuli, akaweka timazi, akatazama ule uzi kwa muda. Akasema, "Haya," akarudi ofisini. Maana yake nyumba haivunjwi, na mwezi wote ule sikuwahi kusikia neno zuri kama hilo. Tuliendelea na lipu ya chokaa taratibu, tukaupaka ukuta udongo mweupe wa Pugu, na masika yote ukuta ukanywa maji na kuyarudisha. Tumbo limebaki kidogo. Mwacheni mzee na kitambi chake.

Siku eda ilipoisha tulikusanyika wengi. Akina mama walimwogesha, wakamvika khanga mpya, wakamfukiza udi. Mzee Kondo alikuwepo na kofia yake, mhandisi naye alipitia. Nakiri nilikuwa najiandaa kupokea asante, na Mzee Kondo nilimwona anajiandaa kujibu "Najua."

Bi Mwanahawa akatoka mlango wa mbele. Alisimama kidogo akiwa amefinya macho kwa jua. Hakutusalimia. Alivuka barabara polepole, akakaa kwenye ngazi ya duka la ng'ambo, akageuka akaitazama nyumba yake. Ilikuwa imesimama, nyeupe, milango ya mbao iko wazi. Baraza tulikuwa tumelisafisha bila kuligusa, hata vishimo viwili vilivyochimbwa na miguu ya cherehani tuliviacha.

Alitazama muda mrefu, sisi tunangoja. Nikavuka, nikakaa karibu naye.

"Mmeniwekea kila kitu," akasema. "Kila kitu kipo."

"Kipo, mama."

"Huko ndani miezi yote hii nyundo ya Kondo ilikuwa inagonga hapa nje, tak, tak, tak. Mimi najua ni nyundo. Lakini nikisinzia nasema, Shomari yuko barazani anashona. Nikiamka naisikia, nalala tena." Akaikamata ncha ya khanga yake. "Mwanangu, ndani alikuwepo. Mbona hapa nje hayupo?"

Akalia. Hakuwa amelia msibani, hakuwa amelia ukuta ulipolia. Alilia kwa sauti, mbele ya mtaa mzima, na mimi nikalia naye. Ng'ambo ya barabara Mzee Kondo alivua kofia yake, akabaki ameishika kifuani, hajui aitie wapi. Hakuna aliyemnyamazisha. Tulimwacha mpaka adhana ya adhuhuri ilipotoka.

Ndipo akajifuta kwa ncha ya khanga, akainuka, akavuka barabara peke yake. Alipanda barazani, akakaa mahali pa mumewe, pale pale penye vile vishimo, akanyoosha miguu, akaegemeza mgongo ukutani.